Kilio cha Mtu Mzima: Machozi, Msiba na Afya katika Pwani ya Ziwa Viktoria

Katika Kiswahili neno kilio lina maana mbili ambazo ni taabu kuzitenganisha. Kilio ni sauti ya mtu anayetokwa na machozi. Na kilio ni mkutano wa watu waliofika nyumbani kwa mfiwa. Mtu akisema kwamba anakwenda kilioni, hana maana ya kwamba anakwenda kutoa machozi, kwani huenda asitoe hata tone moja. Anakwenda kukaa na wenzake. Lugha iliyouita mkutano wa watu kwa jina la machozi imekwisha kutueleza jinsi wazee wetu walivyoyaona machozi ya mtu mzima: kwamba si mali ya mtu mmoja. Wahenga wakaongeza kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia.

Tumeona vema kulianza jambo hili katika neno lenyewe kwa sababu siku hizi yako makundi mawili yanayobishana juu yake. Kundi la kwanza, ambalo aghalabu ni la wanaume waliosoma, linasema kwamba mtu mzima kulia ni udhaifu, na kwamba machozi ya mwanamume hushukia tumboni. Kundi la pili, ambalo limesoma magazeti, linasema kwamba kulia ni dawa, kwamba machozi husafisha sumu ya mwili, na kwa hiyo kila mtu na alie apone. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yamefanya haraka. Historia ya watu wa Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria inaweza kutusaidia kuwasuluhisha.

Usukumani, kama kwa majirani zao wa Ukerewe na Uzinza, kifo hakikuwa jambo la nyumba moja. Wasukuma walikuwa na ukelele wao wa hatari, mwano, uliopigwa ng'ombe walipoibwa au moto ulipozuka. Na walikuwa na kilio cha msiba. Sikio la mwanakijiji halikuzichanganya sauti hizi mbili. Aliposikia ya kwanza alishika silaha akakimbia. Aliposikia ya pili alirudisha jembe ndani, akaenda. Jirani alileta kuni, mwingine maji, mwingine unga. Wanawake walilala ndani na mama mfiwa, wanaume wakalala nje kuuzunguka moto. Aliyekosa kufika bila ya sababu alitozwa faini, na aliyezidi kukaidi alijua kwamba siku atakayofiwa yeye atachimba kaburi peke yake. Desturi hii haijafa. Hata leo, katika vijiji vingi vya Magu, Kwimba na Misungwi, mtu anaweza kusamehewa kutokwenda arusini, lakini si kutokwenda msibani.

Je, wanaume walilia? Walilia, tena kwa sauti. Ndugu aliyetoka mbali alianza kulia akiwa bado njiani, kabla ya kuingia uani, hata kama alikuwa mzee mwenye mvi. Na asiyefanya hivyo alitazamwa kwa shaka. Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mgeni yule alipofika akilia, walikuwapo watu waliosimama kumpokea. Walimshika mkono, wakamwacha alie kwa kitambo, kisha wakamwambia: pole, basi, yatosha, keti. Kilio kilikuwa na wa kukianza, na kilikuwa na wa kukituliza. Na msiba wote ulikuwa na mwisho uliojulikana: siku ya kumaliza matanga watu walinyoa nywele, wakagawana mambo ya marehemu, wakarudi shambani. Aliyeendelea kulia peke yake baada ya siku ile hakuchekwa, lakini wazee walimwendea, maana walijua kwamba kilio kisichokwisha ni ugonjwa.

Ng'ambo ya Mara, kwa Wajaluo wa Rorya na ndugu zao wa Kenya, mzee wa heshima anapofariki iko desturi iitwayo tero buru. Wanaume huchukua mikuki na ngao, huswaga ng'ombe, hukimbia kwa kelele na nyimbo hadi mpakani au porini kukifukuza kifo, kisha hurudi. Mtu wa mjini akiwatazama atasema kwamba hawa wanacheza vita. Sisi twaona kwamba hawa wanalia kwa miguu na mikono.

Haya yote hayana maana kwamba watu wa ziwa hawakujua ukakamavu. Kwa Wakurya kijana aliyesimama mbele ya kisu cha jando hakuruhusiwa hata kupepesa jicho, na aliyelia aliuaibisha ukoo. Lakini amri ile ilikuwa na mahali pake. Ilikuwa ya kisu, haikuwa ya kaburi. Kijana yule yule aliyejikaza jandoni aliweza kumlilia baba yake bila ya kuulizwa na mtu. Kosa la zama zetu ni kuichukua amri ya kisu na kuitandaza juu ya maisha yote.

Kasumba hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilikuja na shule za bweni, majeshi na ofisi za wakoloni. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa wameanza kuwafunza watoto wao wa kiume kwamba muungwana haonyeshi huzuni. Ingawa babu zao wa karne iliyotangulia walilia hadharani bila ya haya, na ingawa mashujaa wa Wayunani katika tenzi za Homer hulia mara kwa mara. Vijana wa skauti, chama kilichoanzishwa na Baden-Powell, walifundishwa kutabasamu na kupiga mbinja wakati wa shida. Mafunzo haya yalikuja hadi kwetu pamoja na kaptula na filimbi. Na hapa tuseme jambo moja la pembeni. Speke alipofika katika pwani ya Mwanza mwezi Agosti 1858 alilipa ziwa hili jina la malkia wake. Miaka 3 baadaye, mwaka 1861, malkia huyo alifiwa na mumewe, naye akavaa nguo nyeusi za msiba mpaka alipokufa mwaka 1901. Basi ziwa letu limebeba jina la mfiwa aliyekaa matanga karibu miaka 40 bila ya mtu wa kumnyoa nywele na kumwambia yatosha.

Waandishi wetu hawakuifuata kasumba hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ambayo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya yeye kufariki. Ndani yake uchungu wa watu waliokosa mtoto haufichwi, wala wa mwanamume haufichwi. Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa mafaili na saa za kazi. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo na kulitia katika habari za maisha yake, kila mtu alisome. Hakuona kwamba limempunguzia uanaume. Na miongoni mwa viongozi wa Afrika, Kenneth Kaunda wa Zambia alijulikana kwa kulia mbele ya watu, na kwa leso yake nyeupe. Naye alitawala miaka 27 na akaishi hadi mwaka 2021, alipokuwa na umri wa miaka 97. Hatusemi kwamba leso ndiyo iliyompa umri. Twasema tu kwamba haikumuua.

Kuna wakati hata utaratibu wa wazee ulielemewa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera, na katika miaka iliyofuata vifo vikawa vingi mno. Kijiji kilichokuwa kikiacha kazi kwa siku kadhaa kwa ajili ya kifo kimoja hakingeweza kufanya hivyo kwa vifo vya kila juma, kwani migomba na kahawa vingekufa navyo. Siku za matanga zikafupishwa. Watu walizika asubuhi, wakaenda shamba jioni. Hapana shaka ilikuwa lazima, na hatuwalaumu waliokata shauri hilo. Lakini wako watu wazima wa leo, waliokuwa watoto wakati ule, ambao waliwazika baba na mama kabla ya kupata nafasi ya kuwalilia sawasawa. Walimu wa pwani ya magharibi ya ziwa waliwafundisha watoto hao, nao walijua ni nani aliyekuwa akitazama ubao bila ya kuuona.

Tunafika sasa katika msiba ambao Mwanza haitausahau. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ilipokuwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imejengwa kuchukua abiria 430. Ilichukua wengi zaidi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Watu zaidi ya 800 walikufa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo ya taifa. Miili ililetwa katika uwanja wa Nyamagana ili ndugu waitambue, na mingi ilizikwa Igoma, katika makaburi ya pamoja.

Siku zile sisi tulikuwa karani kijana katika ofisi mojawapo mjini Mwanza, na pamoja na wenzetu tulitumwa kuandika majina. Tulipewa meza, daftari la mistari na kalamu mbili. Mzee mmoja wa Kagera alikuja mezani akatutajia majina manne, moja moja, kwa sauti ya utulivu kabisa, kisha akatuomba tumsomee ili aone kama tumeyaandika sawasawa. Tulisoma. Tulipofika jina la nne alishika ukingo wa meza akaanza kulia kwa sauti kubwa. Mkuu wetu wa kazi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia: "Mzee wangu, jikaze. Wewe ni mwanamume." Mama mmoja aliyekuwa nyuma katika foleni, asiyemjua mzee yule wala sisi, akajibu: "Mwache alie, mwanangu. Akijikaza hapa ataanguka njiani." Akatoka katika foleni, akaenda kumshika mzee mkono, akapoteza nafasi yake.

Sisi makarani hatukulia. Tuliona kwamba hatuna haki, kwa kuwa hatukuwa tumefiwa. Kwa juma zima tuliandika, tukafuta, tukaandika upya. Baadaye mwenzetu mmoja alishindwa kula samaki, chakula chetu cha kila siku hapa, na hakula kwa muda mrefu. Sisi tulipatwa na maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Tukilala tulisikia majina. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwezi. Ndipo mama yetu alipokuja kutoka kijijini kututazama. Alitusalimu, akakaa, akatutazama kwa kitambo, akasema: "Mwanangu, wewe hujalia bado." Kisha yeye mwenyewe akaanza kulia, kama mtu aliyefika msibani, naye hakuwa amefiwa na mtu katika meli ile. Tulilia naye. Usiku ule tulilala mpaka asubuhi. Kilio hicho alikianza wa mbali, kinyume cha methali.

Mfano wa mtu mmoja si ushahidi wa kitaalamu, nasi hatuutoi kama ushahidi. Tuutazame ule wa wataalamu wenyewe. Macho ya binadamu hutoa machozi ya namna 3: yale yanayolowanisha jicho wakati wote, yale yanayotoka kwa moshi au kitunguu, na yale ya huzuni au furaha. Mwaka 1922 Alexander Fleming alieleza kwamba ndani ya machozi mna kitu kinachoua baadhi ya vijidudu, kiitwacho lisozaimu. Hiyo ni faida ya hakika, lakini ni faida ya jicho, si ya moyo. Katika miaka ya 1980 William Frey wa Minnesota, Marekani, alilinganisha machozi ya huzuni na machozi ya kitunguu, akaona kwamba ya huzuni yana protini nyingi zaidi. Akatoa rai kwamba huenda mwili hujisafisha kwa njia hiyo. Rai hiyo ndiyo iliyoenea magazetini kana kwamba imethibitishwa, na haijathibitishwa. Machozi ni matone machache. Kazi ya kusafisha mwili ni ya figo na ini.

Wataalamu waliofuata, hasa Ad Vingerhoets wa Uholanzi na wenzake, waliacha kuyapima machozi wakawauliza waliaji. Katika maelezo ya vilio zaidi ya 3,000 yaliyochambuliwa na kutolewa mwaka 2008, wengi walisema walipata nafuu; kiasi cha thuluthi moja hawakuona tofauti; na mmoja katika kila kumi alijiona vibaya zaidi. Waliopata nafuu zaidi ni wale waliokuwa na mtu wa kuwafariji. Walioona haya, au waliojikaza wasisikike, hawakupata nafuu hiyo. Katika uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2015, watu walionyeshwa filamu za huzuni. Waliolia walijiona vibaya mara tu filamu ilipokwisha. Lakini baada ya dakika 90 walijiona vema kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Mtu anapolia moyo hupiga mbio. Anapotulia pumzi hurudi polepole, na mishipa ya fahamu iliyo kazi yake kuutuliza mwili huanza kufanya kazi. Nafuu hiyo haiji papo hapo. Yataka muda, na yataka mtu wa kukaa nawe katika muda huo.

Mwalimu akiyasoma maelezo hayo darasani, pengine mwanafunzi wa kijijini atauliza ni jambo gani jipya hapo. Bibi yake analijua. Mgeni anayelia njiani, mikono inayompokea, neno la kumtuliza, moto wa nje, siku ya kunyoa: utaratibu wote huo ulijengwa ili mwenye kulia asibaki peke yake katika zile dakika 90.

Tuongeze tahadhari moja, kwa sababu ni jambo la afya na si la fasihi tu. Mtu anayelia karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, asiyelala, asiyekula, au asiyeona haja ya kuishi, huenda amepatwa na ugonjwa wa sonona. Huyo haambiwi alie zaidi. Hupelekwa hospitali kama apelekwavyo mwenye malaria, na Mwanza ina hospitali kubwa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, juu ya kilima ambacho kila mwanafunzi wa mji huu anakijua. Aliyekauka, asiyeweza kulia hata akitaka, naye anastahili kuonwa.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, katika kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora. Waliokufa walizidi 220, na baadhi yao walizikwa pale pale Bwisya siku ya Jumapili, tarehe 23. Waukara walikuwa wametazama ajali kutoka ufukweni, na wengi wao walikuwa wamekwenda kwa mitumbwi kuokoa. Wakati huu hatukutumwa kuandika kitu. Tulikwenda kama wananchi. Tuliona maofisa vijana, wenye sare na wasio na sare, wakilia waziwazi katikati ya kazi yao, na hapana aliyewaambia wajikaze. Mama wa Ukara aliwapa maji ya kunawa uso, wakaendelea. Na mwezi Machi 2021, mwili wa Rais John Magufuli ulipoletwa katika uwanja wa CCM Kirumba kabla ya kwenda kuzikwa Chato, watu wazima, wake kwa waume, walilia kando ya barabara, na magazeti yakatoa picha zao bila ya dhihaka.

Mwaka 2016, ilipotimia miaka 20 ya MV Bukoba, tulikwenda Igoma. Tulimkuta pale yule karani mwenzetu aliyeshindwa kula samaki. Nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Tuliulizana habari za watoto na za nyumbani, tukanyamaza. Kisha akatuambia kwamba bado anayakumbuka majina manne ya yule mzee wa Kagera, kwa mpangilio wake, na kwamba hajapata kumtajia mtu. Tulimwomba atutajie. Alitaja matatu, la nne halikutoka. Tukaketi naye chini, katika majani, na wale waliokuja na maua wakatupisha.